Kabla Hujamwita Fundi: Namna ya Kuitunza Kompyuta ya Nyumbani

"Anko, kompyuta imekuwa nzito." "Shemeji, inanguruma kama mashine ya kusaga." "Kaka, inaniambia nafasi imejaa na mimi sijaweka kitu." Kila wiki napokea moja kati ya hizo, na jibu langu ni lile lile tangu miaka mingi. Nimeona niliandike mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hapa.

Kompyuta nyingi ninazoletewa hazina ugonjwa wowote, ni uchafu tu. Nyingine imejaa vumbi ndani ya boksi hadi feni haivuti hewa. Nyingine imejaa vitu kwenye diski ambavyo mwenyewe hakumbuki alivipakua lini. Kazi zote mbili unaweza kuzifanya mwenyewe, mezani kwako. Mimi naishi Tanga, si mbali na bahari, kwa hiyo nina adui wa ziada: hewa ya chumvi na unyevu, vinavyokula skrubu na vituo vya nyaya. Ukiwa Dodoma, adui wako mkubwa ni vumbi. Hatua ni zile zile.

Nimeandika kwa kufuata Windows kwa sababu ndiyo ninayoikuta karibu kila nyumba. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini. Windows ya Kiswahili ipo, ila sijawahi kuikuta kwenye mashine hata moja niliyoletewa.

Vitu vya kuandaa

- Brashi laini ya kupakia rangi, mpya, ya inchi moja au mbili. Ile iliyopaka mlango wa choo mwaka jana haifai.
- Bisibisi ya nyota.
- Kitambaa laini, kama kile cha kufutia miwani.
- Chupa ndogo ya alkoholi ya isopropili. Sanitaiza ya mikono isikudanganye. Ina jeli na manukato yanayobaki yakinata.
- Pamba za kusafishia masikio.
- Blowa ndogo, au ile pampu ya mpira wanayotumia mafundi simu.
- Diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha.
- Simu yako, kwa kupigia picha.
- Asubuhi moja isiyo na haraka. Kazi hii ukiifanya usiku umechoka, skrubu mbili zitapotea.

Hatua kwa hatua

1. Weka nakala ya vitu vyako kabla ya kugusa chochote.

Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo pekee ambayo nikikuona umeiruka nitagoma kukusaidia. Niliwahi kusafisha kompyuta ya mama mdogo bila kuweka nakala. Nilitoa vumbi, nikafunga, ikawaka vizuri. Siku ya tatu diski ikafa. Brashi haikuwa na kosa. Diski ile ilikuwa na miaka tisa, ilikuwa inajikokota tu. Lakini picha za harusi ya binti yake zilikuwa humo, na hazikuwa mahali pengine popote. Mpaka leo nikienda kwake Idi naulizwa kama bado naishughulikia.

Fungua folda za Documents, Pictures, Desktop na Downloads, nakili kila unachokihitaji kwenye diski ya nje. Vyeti, mikataba ya nyumba, picha, faili za kazi. Usisahau alamisho na manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Ukimaliza kunakili, fungua faili tatu au nne kutoka kwenye ile diski ya nje uone kama zinafunguka. Kisha ichomoe uiweke kabatini. Diski ya nakala inayobaki imechomekwa mwaka mzima itapigwa na radi ile ile na kushikwa na kirusi kile kile.

Mafundi wana kanuni wanayoiita tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Nyumbani kwangu inatimia hivi: kompyuta yenyewe, diski ya kabatini, na zile faili muhimu sana kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive. Ile hifadhi inatoa GB 15 bure, zinatosha kabisa kwa vyeti na mikataba, ingawa hazitoshi kwa video za harusi.

2. Izime kweli kweli.

Kwenye Windows za siku hizi, kubonyeza "Shut down" hakuizimi kompyuta yote. Sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza "Shut down", hapo itazima kabisa. Ni kwa sababu hiyo hiyo fundi anakwambia "irestati" nawe unamjibu "jana niliizima". Vitu viwili tofauti.

Ikishazima, chomoa waya wa umeme ukutani na nyaya zote za nyuma. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde kumi hivi ili chaji iliyobaki ndani iishe. Piga picha sehemu ya nyuma kabla ya kuchomoa nyaya. Utaniambia unakumbuka kila waya ulipokuwa. Piga picha hata hivyo.

3. Toa vumbi.

*Kompyuta ya mezani.* Ipeleke barazani. Ukiifungulia sebuleni, vumbi lote litahamia kwenye makochi. Ukiitazama kwa mbele, kifuniko cha kufungua kwa kawaida ni cha upande wa kushoto, nacho hushikwa na skrubu mbili kwa nyuma. Kivute kuelekea nyuma. Kabla ya kuingiza mkono, gusa chuma cha boksi. Mwili wako una umeme tuli usiousikia, na cheche ndogo inatosha kuua kipande cha RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

Piga picha tena ya ndani. Kisha anza juu kushuka chini kwa brashi: feni ya nyuma, feni ya prosesa (ile chipu kuu, ubongo wa kompyuta), lile pezi la aluminiamu la kutoa joto lililo chini yake, halafu sakafu ya boksi. Lile pezi ndilo lenye kazi. Vumbi hujikusanya kati ya feni na pezi likawa kama blanketi, na kompyuta iliyovikwa blanketi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wewe unaiita nzito.

Ukipuliza kwa blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke. Watu wanapenda kuona feni ikizunguka kwa kasi na kulia, lakini ndivyo beringi zake zinavyokufa.

Usishangae utakachokikuta. Mende wanapenda joto la kompyuta, na sisimizi nao. Mara mbili nimemkuta mjusi kafiri amekauka juu ya bodi, ule ubao mkuu unaobeba chipu zote, mguu mmoja huku mwingine kule, ameunganisha njia mbili za umeme ambazo hazikupaswa kukutana. Ukiona nafasi wazi kwa nyuma pale ambapo kadi ilitolewa, ziba kwa kibati chake. Kama hakipo, kipande cha wavu wa madirisha kinatosha, mradi kifungwe vizuri kisiguse bodi.

Makosa ninayoyaona kila mara kwenye hatua hii:

- Kupuliza kwa mdomo. Unapuliza mate. Hapa pwani bodi ina unyevu wa kutosha.
- Kutumia mashine ya kufyonza vumbi ya kapeti. Inazalisha umeme tuli.
- Kufungua lile boksi dogo la kugawa umeme, lenye feni yake kwa nyuma. Usilifungue kamwe. Ndani yake kuna vihifadhi-chaji vinavyoweza kukupiga hata waya ukiwa umechomolewa. Lipige brashi kwa nje tu.
- Kung'oa feni ya prosesa pamoja na pezi lake "ili kusafisha vizuri". Chini yake kuna dawa nyeupe au ya kijivu inayopitisha joto. Ukishaitoa lazima upake mpya, la sivyo kompyuta itazima kila baada ya dakika chache. Kama huna hiyo dawa, liache pezi lilipo.

*Kompyuta mpakato.* Kama bado ina waranti, usiifungue. Ikiwa imezimwa, puliza kwa pampu ya mpira kwenye matundu ya hewa, mara fupi fupi, kisha igeuze uigongegonge taratibu kwa nyuma ili makombo ya maandazi yatoke kwenye kibodi. Na acha tabia ya kulala nayo kitandani. Matundu mengi yapo chini, godoro likiyaziba hewa haipiti. Hata sinia ya chai iliyo bapa ni bora kuliko shuka.

4. Futa skrini, kibodi na kipanya.

Skrini inataka kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo kwa maji, basi. Mimina kwenye kitambaa, usinyunyize kwenye skrini. Maji yatashuka hadi kwenye ukingo wa chini, na huko ndiko nyaya zilipo. Dawa ya vioo vya madirisha isije hata karibu. Alkoholi tumia kwenye vitufe vya kibodi kwa zile pamba za masikio, na kwenye vichwa vya nyaya vyenye kutu nyepesi. Subiri zikauke ndipo urudishe umeme.

5. Washa, kisha punguza mzigo kwenye diski.

Rudisha nyaya kwa kufuata picha yako, washa. Nenda "Settings", halafu "System", halafu "Storage". Utaona diski ya C imejaa kiasi gani na kwa vitu gani. Ikibaki na nafasi chini ya asilimia 15 hivi, mfumo unaanza kukosa pa kufanyia kazi.

Ingia "Temporary files". Hapo Windows inakuorodheshea inachoweza kufuta: mabaki ya masasisho, faili za muda, vilivyomo kwenye pipa la taka. Weka alama, futa. Lakini angalia orodha kabla ya kubonyeza, kwa sababu Downloads nayo huwemo humo. Ukiipa alama, kila ulichopakua kinaondoka, pamoja na ile risiti ya ada ya mtoto. Kwa wengi wetu Downloads ndiyo chumba cha stoo, kwa hiyo ipitie kwa mkono, faili moja moja, zilizo kubwa kwanza.

Kisha pita kwenye "Apps" uondoe programu usizotumia. Michezo ya watoto waliokwishaenda bwenini, vivinjari vitatu mtu anapotumia kimoja, printa iliyouzwa zamani. Usiende kufuta folda kwa mkono ndani ya Program Files au Windows ukidhani unaokoa nafasi.

Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasafisha kompyuta na kuiongezea kasi mara kumi, achana nazo. Kinachofaa katika zinachofanya tayari kimo ndani ya Windows bure. Baadhi yake zenyewe ndizo uchafu.

6. Zuia zinazojiwasha zenyewe.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Fungua sehemu ya "Startup". Orodha unayoiona ni ya programu zinazoamka kila unapowasha kompyuta, hata kama hukuzialika. Ya muziki, ya mikutano, ya kupakulia filamu: bonyeza kulia, chagua "Disable". Hujaifuta, umeiambia tu isubiri hadi uiite. Acha zile za ulinzi, za sauti na za kipadi cha mguso. Ukiwa huna hakika na jina fulani, liache.

Kwa kompyuta ya zamani, hatua hii ndiyo inayoonekana haraka. Mtu aliyekuwa anawasha kisha anakwenda kuchemsha chai hushangaa inawaka kabla hajafika jikoni.

7. Masasisho na virusi.

Najua kwa nini watu wanazima masasisho: yanakula bando. Kama unatumia intaneti ya simu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi uliyojiunganisha nayo, washa "Metered connection". Windows itaacha kupakua mazito bila ruhusa. Halafu mara moja kwa mwezi, ukiwa na bando kubwa la usiku au Wi-Fi ya kazini, ingia "Windows Update" uruhusu yote kwa mkupuo.

Wenye Windows 10: msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikufa siku hiyo na haitakufa, lakini mianya mipya ya usalama haizibwi tena kama zamani. Windows 11 inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Hizi kompyuta za mtumba zinazotoka kwenye maofisi ya Ulaya, nyingi ni za kizazi cha 4 au cha 6, kwa hiyo haziruhusiwi rasmi. Kama yako ni mojawapo na kazi zako ni barua, kivinjari na video, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, itakufaa nawe utazoea ndani ya wiki. Kama huwezi kuachana na programu fulani ya Windows, basi usifanyie humo mambo ya benki.

Kuhusu virusi: Windows ina kinga yake ndani, inaitwa "Windows Security". Inatosha kwa nyumbani. Ukiongeza ya pili juu yake, halafu na ya tatu uliyopewa na rafiki, zitagombana na kompyuta itabeba gharama. Ifungue, bonyeza "Quick scan", subiri.

Virusi vya huku kwetu vina milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni flashi zinazozunguka steshenari. Ukirudi na flashi kutoka kuchapisha barua, iskani kabla ya kuifungua. Wa pili ni programu zilizovunjwa kufuli. Ile programu ndogo inayokuamuru uzime kinga kwanza ndipo ikusaidie kuifungua Office bure, jiulize kwa nini inataka mlinzi alale.

8. Umeme.

Kinachoua kompyuta nyingi si kule kukatika kwa umeme, ni namna unavyorudi. Unarudi kwa kishindo, unashuka, unapanda tena. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano taa zitulie ndipo uchomeke. Kwa kompyuta ya mezani, UPS ndogo, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ndicho kifaa cha kwanza ningekununulia. Dakika zake kumi ni za kuhifadhi kazi na kuzima, si za kumalizia filamu. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, inavuta umeme mwingi kwa mara moja.

Wakati wa mvua za masika, radi zikianza kusikika, chomoa na waya wa intaneti pia. Radi haichagui waya.

Kila baada ya muda gani?

Kufuta skrini, kila wiki ukipenda. Hatua ya 1, 5 na ya 7, kila mwezi. Vumbi la ndani, kila miezi sita. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, kila miezi mitatu. Hatua ya 6, kila ukiweka programu mpya.

Ikitokea shida

*Haionyeshi kitu baada ya kusafisha.* Usipige kelele bado. Karibu mara zote ni RAM imelegea. Zima, chomoa, toa vipande vya RAM, sugua taratibu zile sehemu za dhahabu kwa ufutio wa penseli, pangusa mabaki, rudisha ukikandamiza hadi usikie vibanio vya pembeni vikilia. Kama kompyuta ina kadi ya picha, hakikisha waya wa skrini umeuchomeka kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la bodi.

*Saa na tarehe vinarudi nyuma kila ukiwasha, na tovuti zinalalamika kuhusu usalama.* Betri ya bodi imekwisha. Ni ile bapa ya mviringo, CR2032, ya volti 3, kama ya rimoti za magari. Ibadilishe, rekebisha saa.

*Folda za kwenye flashi zimegeuka njia za mkato.* Usizibonyeze. Vitu vyako vipo, vimefichwa tu na kirusi. Iskani flashi kwanza. Kisha fungua "Command Prompt" uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Folda halisi zitajitokeza, zile njia za mkato uzifute.

*Umefanya yote na bado ni nzito, diski inaonyesha asilimia 100.* Basi huenda una diski ya kizamani ya kuzunguka. Kuweka SSD, diski ya chipu isiyozunguka, ndiyo fedha bora utakayoitumia kwenye kompyuta ya zamani, kuliko hata kuongeza RAM, mradi RAM isiwe chini ya GB 4. Ukishaiweka, usikubali mtu "aipange" kwa programu za kupanga diski kama zile za enzi za Windows XP. SSD haihitaji, inachakaa bure. Windows inajua namna ya kuihudumia.

*Diski inalia tik, tik, tik.* Zima sasa hivi. Usiiskani, usijaribu kuwasha mara ya tano "labda itakubali". Kama ulifuata hatua ya kwanza, unahitaji tu diski mpya. Kama hukuifuata, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data ikiwa bado imezimwa, naye atakutajia bei ambayo hutaipenda.

*Kipadi cha mguso kimeinuka, au mpakato haufungi sawasawa.* Betri imevimba. Chomoa chaja, zima, usiiminye wala kuitoboa, na usilale nayo ndani. Iweke juu ya sakafu ya saruji mbali na mapazia, na asubuhi mpelekee fundi aitoe.